Sura ya Nne: Mtandao Ukikata, Mgonjwa Anafanya Nini?

"Kwa nini kila nikienda hospitali naambiwa mtandao unasumbua?"

Swali hili linaulizwa Musoma mjini kwenye foleni ya dirisha la malipo, linaulizwa Bunda, linaulizwa Butiama. Anayeuliza hana haja ya kujua Tanzania imeshika nafasi ya ngapi Afrika kwa mambo ya teknolojia. Anataka kujua kama atamwona daktari mapema ili awahi gari la kurudi nyumbani. Lakini ukilichunguza vizuri swali lake, ndilo lile lile wanaloulizana mawaziri na wataalamu kwenye kumbi za mikutano: je, nchi iko tayari kuendesha huduma za afya kwa njia ya kielektroniki?

Tuelewane kwanza. Huduma za afya za kielektroniki ni kazi yoyote ya afya inayofanywa kwa msaada wa kompyuta, simu au mtandao. Kumwandikisha mgonjwa mapokezi, kutunza kumbukumbu za matibabu yake, kuagiza dawa zinazokaribia kwisha, kutuma majibu ya maabara, kumkumbusha mama tarehe ya kliniki, yote hayo yamo. Utayari ni uwezo wa kuzifanya kazi hizo leo, kesho na mwakani bila mgonjwa kuumia pale kitu kinapoharibika. Na tathmini ya utayari ni kupima uwezo huo kabla ya kutumia fedha, au angalau kabla ya kutumia fedha nyingine zaidi.

Katika sura hii nitatetea jambo moja ambalo wapimaji wengi hulikwepa: utayari wa nchi usipimwe wizarani. Upimwe kwenye njia anayopita mgonjwa mmoja, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa. Nimechagua njia inayoanzia Kigera, pale Musoma, mkoani Mara.

Wakubwa hupimaje?

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walitoa mwongozo wa kuzisaidia nchi kupanga mikakati ya afya ya kielektroniki. Mwongozo huo unataka nchi ijitazame katika maeneo saba. Nikiyaweka kwa lugha ya mtaani, ni haya:

1. Uongozi: nani anaamua, na nani anawajibishwa mambo yakienda mrama?
2. Mkakati na fedha: kuna mpango, na kuna pesa ya kuutekeleza?
3. Huduma zenyewe: mgonjwa atapata kitu gani ambacho leo hakipati?
4. Viwango: mifumo inasomana, yaani taarifa iliyoingizwa kwenye mfumo mmoja inaonekana kwenye mwingine?
5. Miundombinu: umeme, mtandao na vifaa vipo?
6. Sheria: siri ya mgonjwa inalindwa na nani?
7. Watumishi: wapo wa kutosha, na wanajua kuvitumia vifaa?

Ukiipima Tanzania kwa orodha hii ukiwa umekaa Dodoma, utaipa alama nzuri tu. Mkakati wa kwanza wa kitaifa wa afya ya kielektroniki ulikuwa wa mwaka 2013 hadi 2018, na uliofuata ukawa wa 2019 hadi 2024. Sheria ya Serikali Mtandao ilipitishwa mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyaya za kupitisha data zinazounganisha mikoa, ulianza kujengwa mwaka 2009. Maboksi mengi yanapata tiki.

Shida ya tiki ni kwamba inasema kitu kipo. Haisemi kama kinafanya kazi. Watu wa Musoma hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa ilianza kujengwa miaka ya 1970, ujenzi ukasimama, na miongo ikapita kuta zikitazama ziwa. Kwa muda wote huo, mtu angeweza kuandika kwenye ripoti kwamba mkoa una jengo la hospitali kubwa, na asingekuwa mwongo. Ila usingempeleka mgonjwa wako huko.

Kadi inayotembea

Sasa tuifuate njia yenyewe. Tuchukulie mama mjamzito anayeishi Kigera, mimba yake ya kwanza. Kliniki ameanzia zahanati ya jirani. Mimba inapofika miezi saba anakwenda kwa mama yake Bunda, kama wafanyavyo wengi kwa uzazi wa kwanza, na huko anaendelea na kliniki. Wiki za mwisho shinikizo la damu linapanda, anapewa rufaa kwenda Kwangwa, ambako hospitali sasa inahudumia. Vituo vitatu na halmashauri mbili, na mwisho hospitali ya mkoa iliyo chini ya Wizara ya Afya wakati vituo vya awali viko chini ya TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri.

Je, daktari wa Kwangwa atajuaje kwamba mwezi wa nne damu yake ilikuwa pungufu na akaongezewa vidonge?

Atajua kwa sababu mama amebeba kadi ya kliniki. Karatasi ngumu iliyokunjwa, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya pochi, pamoja na kitambulisho cha NIDA na noti ya dharura. Muuguzi wa Kigera anaandika shinikizo la damu kwenye kisanduku kile kile atakachokisoma muuguzi wa Bunda. Vipimo viko sehemu moja, chanjo ya pepopunda sehemu moja, dalili za hatari zimechapwa kwa Kiswahili. Haitaki chaji wala bando, na haiulizi nenosiri. Mtumishi yeyote wa afya, kutoka Tarime hadi Mtwara, anaisoma bila semina.

Kwa maoni yangu, kadi hii ndiyo mfumo wa taarifa uliofanikiwa kuliko mingine yote nchini, na ndiyo kipimo cha haki. Mfumo wa kielektroniki unaotaka kuchukua nafasi yake lazima kwanza uweze yale ambayo kadi inayaweza: kumfuata mama kituo hadi kituo, na kusomeka na kila anayemhudumia. Kadi ina udhaifu wake, sikatai. Inalowa mvua, inapotea mama anapohama, na haiwezi kumjulisha muuguzi kwamba mama fulani amekosa kliniki mara mbili. Hapo ndipo kompyuta ina kitu cha kuongeza. Lakini mfumo unaojua kuwakumbusha akina mama na hauwezi kuwafuata wakivuka mpaka wa wilaya umerudi nyuma ya karatasi.

Hivyo basi kipimo changu cha kwanza ni chepesi, na yeyote anaweza kukifanya bila kuajiri mshauri mwelekezi: mfuate mgonjwa mmoja wa rufaa, uhesabu ni mara ngapi anaulizwa jina, umri na historia yake upya. Kila swali linalorudiwa ni mahali ambapo mifumo haisomani.

Muuguzi mmoja, vitabu kumi

Kabla ya kompyuta kulikuwa na MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanza miaka ya 1990. Ni vile vitabu vikubwa unavyoviona mezani kwenye kila zahanati, kila kimoja na namba yake: cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto, cha kujifungua. Mgonjwa akihudumiwa, mstari mmoja unajazwa. Mwisho wa mwezi mtumishi anahesabu vijistari kwa kalamu, wa kuhara wangapi, wa malaria wangapi, anaandika jumla kwenye fomu na fomu inakwenda halmashauri.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 jumla hizo zilianza kuingizwa kwenye DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo huko Norway na kutumika sasa katika nchi nyingi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kwa muda mrefu kuiendeleza. DHIS2 inajua zahanati yako iliona watoto wangapi wenye nimonia mwezi Machi. Haikujui wewe. Ni mfumo wa idadi, na kwa kazi hiyo umefanya vizuri.

Kumjua mgonjwa mmoja mmoja ni kazi ya mifumo mingine. Serikali ina GoTHOMIS kwa vituo vilivyo chini ya TAMISEMI, unaoandikisha mgonjwa, malipo, vipimo na dawa. Uko wa kuagiza dawa Bohari ya Dawa, eLMIS. Upo wa chanjo, na upo wa kliniki za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, maarufu CTC. Mifuko ya bima nayo ina yake. Kila mmoja ulianzishwa kwa sababu nzuri, mara nyingi na mradi wake na mfadhili wake. Aliyeketi upande wa pili wa mifumo hii yote ni nani? Ni muuguzi yule yule, na zahanati nyingi za vijijini zina watumishi wawili au watatu tu.

Fuata mikono yake asubuhi ya kliniki. Mama anapimwa uzito. Uzito unaandikwa kwenye kadi ya mama, kisha kwenye kitabu cha MTUHA, kisha, kama kishikwambi kina chaji, kwenye kishikwambi. Nje benchi limejaa na mtoto analia. Unadhani kati ya maandishi hayo matatu ni lipi litasogezwa hadi jioni? Na jioni atakumbuka kweli uzito wa mama wa kumi na saba?

Wapimaji wakija watauliza: "Kituo kina kishikwambi? Ndiyo. Kinatumika? Ndiyo." Swali ambalo huwa halimo kwenye fomu ni hili: tangu kishikwambi kije, ni kitabu gani kimeondoka? Kama jibu ni "hakuna", nchi imemwongezea muuguzi kazi na kuiita maendeleo. Ukweli ni kwamba vitabu haviondolewi kwa sababu wakuu wenyewe hawajauamini mfumo mpya. Nami siwalaumu. Ila basi waseme hivyo.

*Kwa ufupi:* mfumo wa idadi tunao na unafanya kazi. Mifumo ya mgonjwa mmoja mmoja ipo mingi, kusomana kwake bado ni kwa shida, na gharama ya kutosomana huko hulipwa kwa muda wa muuguzi na foleni ya wagonjwa.

Luku, bando na siku mbaya

Miundombinu hupimwa kwa wastani, na wastani hudanganya. Ukisema mkoa wa Mara, wenye watu 2,372,015 kwa sensa ya 2022, una mtandao wa simu, umesema kweli. Ila mgonjwa wa kisiwa cha Rukuba haishi ndani ya wastani.

Hata pale umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, ulipofika, umeme wenyewe ni wa luku, yaani wa kulipia kabla. Uniti zikiisha tarehe 20 na fedha za kituo hazijaingia, friji ya chanjo ndiyo inayohangaikiwa kwanza, na ni sawa kabisa. Kompyuta ya mapokezi inasubiri. Wakati wa mgao mkali ulioanza mwishoni mwa 2023 hadi Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha Februari 2024, hata vituo vya mjini vilijifunza kupanga kazi kwa ratiba ya umeme.

Mtandao nao una siku zake mbaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazoihudumia Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora nchini kote. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilitoweka nchini na ikachukua siku kadhaa kurejea. Sababu za matukio haya mawili hazifanani hata kidogo. Kwa mgonjwa aliyekuwa dirishani matokeo yalikuwa yale yale.

Kwa hiyo nawashauri wapimaji waache kuuliza kama kituo kina mtandao. Waulize jana ulipokata mlifanya nini. Kituo kilicho tayari kina jibu: tunaandika kwenye fomu ya akiba, tunamhudumia mgonjwa, na ukirudi tunaingiza. Au programu yenyewe inahifadhi taarifa ndani ya kifaa na kuzituma baadaye. Kituo kisicho tayari kinamwambia mgonjwa asubiri, au aende na arudi kesho. Nauli ya kurudi kesho haimo kwenye tathmini yoyote niliyowahi kuisoma.

Waliojikwaa, na simu iliyofanya kazi

Tusijione wanyonge. Uingereza, nchi tajiri yenye huduma ya afya ya umma tangu 1948, ilianzisha mwaka 2002 mradi wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa wote kwenye mfumo wa kitaifa. Mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja baada ya mabilioni ya pauni kutumika. Umeme hawakukosa, wala wataalamu. Walikosa ridhaa ya madaktari na wauguzi, ambao walishushiwa mfumo kutoka juu bila kuulizwa kazi yao inakwendaje.

Majirani zetu Kenya walihama kutoka mfuko wao wa zamani wa bima ya afya, NHIF, kwenda mamlaka mpya ya afya ya jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024. Wiki za mwanzo hospitali zililalamikia mfumo, na wagonjwa wakalipa mfukoni huku wakisubiri majina yao yaonekane. Hilo litufungue masikio sisi wenye Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Bima ya watu wote inahitaji kituo cha Kigera kijue, kwa dakika chache, kama aliyesimama mbele yake ni mwanachama. Hilo linawezekana pale tu mfumo unaposimama kila siku ya kazi.

Na kuna lililofanikiwa. M-mama ulianza Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, na Aprili 2022 ukazinduliwa kitaifa. Mama akipata dharura ya uzazi, inapigwa namba 115, bure. Mratibu aliyefundishwa anauliza dalili, anaamua kituo kinachofaa, anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye gari lake mwenyewe, na dereva analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama. Kwa familia, teknolojia inayohitajika ni simu ya kitochi.

Tazama kilichotangulia pale: mtu wa kupokea simu usiku, orodha ya madereva iliyohakikiwa, fedha za mafuta, makubaliano na hospitali inayopokea. Programu ya kompyuta ilikuja kuwaunganisha watu ambao tayari walijua nani anafanya nini.

Nenosiri la ukutani

Siri ya mgonjwa nitaigusa kwa kifupi, kwa sababu sheria tunayo na hadithi yake inajulikana. Mahali kama Kigera watu wanajuana kwa ukoo. Anayeketi kwenye kompyuta anaweza kuwa shemeji yako. Zamani, ili kuchungulia faili lako, ilimbidi afungue kabati. Sasa anahitaji nenosiri, na si ajabu kulikuta limeandikwa kwenye plasta ya hospitali na kubandikwa pembeni ya kioo, likitumiwa na zamu zote. Mpimaji anayefika kituoni atazame plasta hiyo kabla ya kuomba kuoneshwa sera. Wenzetu wanaohudhuria CTC wataelewa haraka kuliko wengine kwa nini nalisema hili. Wako wanaopanda gari kwenda kliniki ya mbali, wakiipita ya jirani, kwa ajili ya siri tu.

Nani analipa mwaka wa tatu?

Mwaka wa kwanza wa mfumo mpya ni sherehe. Vifaa vinakabidhiwa, picha zinapigwa, watumishi wanapelekwa semina mjini na posho juu. Mwaka wa pili aliyefundishwa anapata uhamisho. Mwaka wa tatu betri ya kishikwambi haishiki chaji, mkataba wa mradi umekwisha, na bando analinunua mganga mfawidhi, yaani kiongozi wa zahanati, kutoka mfukoni mwake.

Mapema mwaka 2025 hili liliacha kuwa la kubuni. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari, na shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi tarehe 1 Julai. Sehemu kubwa ya mifumo ya taarifa za afya katika nchi zetu ilijengwa au kuendeshwa kwa fedha hizo, na miradi ndiyo iliyokuwa ikiwalipa watunza takwimu wengi wa kliniki za CTC. Kompyuta zilibaki mezani. Taarifa zilihitaji mtu wa kuziingiza.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nchi iko tayari, nitaomba kwanza kuona bajeti ya kituo kimoja. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo cha afya, na matumizi yake husimamiwa na kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wajumbe kutoka kwa wananchi wenyewe. Mpango wa mwaka wa kituo si siri ya serikali. Mjumbe wa kamati anaweza kuufungua na kutafuta mistari mitatu: luku, bando, na matengenezo ya vifaa. Mingi ya mipango hiyo ina mstari wa chai ya kikao. Kama mstari wa bando haumo, kikao cha kupanga bajeti ya mwaka ujao ndicho mahali pa kuudai, na diwani akiwepo ukumbini, itafaa aulizwe pia ni kitabu gani cha MTUHA muuguzi ameruhusiwa kukifunga.